Kihoro na Moyo: Athari ya Muda ya Msongo Mkali na Ugumu wa Kuitambua Mkoani Katavi

Wazungumzaji wa Kiswahili husema mtu amekufa kwa kihoro, yaani huzuni kuu imemwondoa duniani. Kauli hiyo huchukuliwa na wengi kuwa tamathali tu. Hata hivyo, mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ya moyo inayoipa maana halisi. Waliiita takotsubo, jina la chungu wanachotumia wavuvi wa nchi hiyo kunasia pweza. Chungu hicho kina shingo nyembamba na tumbo pana, na ndivyo inavyoonekana chemba ya kushoto ya moyo wa mgonjwa: ncha yake hutuna na kushindwa kujiminya.

Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba habari ya msiba, ajali au hofu kuu huufanya mwili umwage adrenalini na homoni za jamii yake kwa wingi, nazo hulemaza misuli ya moyo kwa muda. Takribani wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wao waliokoma hedhi. Kwa kawaida nguvu ya moyo hurejea ndani ya wiki chache, ingawa siku za mwanzo ni za hatari na wapo wanaofariki.

Ugumu upo katika utambuzi. Mama wa Mpanda anayeshikwa na maumivu ya kifua akiwa matangani huonesha dalili zile zile za mshtuko wa moyo utokanao na mshipa ulioziba. Kipimo cha umeme wa moyo hubadilika katika hali zote mbili, na troponini hupanda katika damu. Kinachozitenganisha kwa hakika ni picha ya mishipa ya moyo, inayopigwa kwa kupitisha mrija mwembamba hadi moyoni. Huduma hiyo hutolewa, kwa mfano, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda.

Kwa hiyo daktari wa Katavi huamua kabla ya picha. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikipewa mwenye kihoro, humhatarisha kuvuja damu bila faida. Akinyimwa mwenye mshipa ulioziba, misuli ya moyo huendelea kufa kadiri dakika zinavyopita. Ndiyo maana mgonjwa huhesabiwa kuwa na mshipa ulioziba hadi ithibitike vinginevyo. Lakini uamuzi huo hauwezi hata kuanza iwapo waombolezaji wamemlaza mfiwa chumbani, wakimpepea na kusema ni uchungu tu, utapoa.