Kwenda ufukweni Gisenyi, Ebola ikiwa Goma

Mtu wa Goma, upande wa Kongo, akitaka kuogelea siku ya Jumapili, mara nyingi huvuka mpaka. Gisenyi, upande wa Rwanda, ina ufukwe wa mchanga kwenye Ziwa Kivu, barabara pana inayofuata maji, hoteli, na sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo ambao jamaa zao wa Ziwa Tanganyika huitwa dagaa. Ziwa lenyewe halina mamba. Miji hii miwili imeshikana, na katika siku za kawaida kivuko cha mpakani cha Petite Barrière peke yake hupitisha makumi ya maelfu ya watu kwa miguu: akina mama wenye mboga na unga, walemavu wanaosafirisha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, wanafunzi, na wageni waliokuja kupumzika.

Julai 14, 2019 ikatangazwa kwamba Ebola imefika Goma. Mlipuko ulikuwa na karibu mwaka mzima tangu utangazwe Kivu Kaskazini, Agosti 1, 2018, na ulikuwa umezunguka Beni, Butembo na Ituri. Lakini Goma ni mji mkubwa, wenye uwanja wa ndege, bandari na mpaka huo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani, WHO, likatangaza dharura ya afya ya umma ya kimataifa, na papo hapo likazitaka nchi zisifunge mipaka wala kuzuia safari na biashara. Wengi walishindwa kuyapatanisha maneno hayo mawili. Ikiwa hali ni ya dharura, kwa nini mlango uachwe wazi? Na mimi niliyepanga kwenda Gisenyi mwisho wa wiki, niende au nisiende?

Jibu huanzia kwa virusi vyenyewe. Ebola haipiti hewani kama surua. Hupita mtu anapogusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, yaani damu, matapishi, choo au jasho, au anapougusa mwili wa marehemu, kisha virusi vikapata njia kupitia macho, mdomo au mchubuko wa ngozi. Aliyeambukizwa hukaa kati ya siku 2 na 21 bila dalili, na katika muda huo hamwambukizi mtu. Akianza kuugua, virusi huzidi mwilini jinsi ugonjwa unavyozidi, na hatari kubwa kabisa iko siku za mwisho na wakati wa mazishi. Mgonjwa aliyefikia hali ya kuambukiza wengi hayuko majini akiogelea. Yuko kitandani, na kando yake yuko mama, mke, dada au muuguzi anayemfuta.

Wagonjwa wa Goma wenyewe wanalionyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Wa kwanza alikuwa mchungaji aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo, pamoja na abiria 18 na dereva. Alikuwa ameshaanza kuumwa, lakini basi lilipita vituo vitatu vya ukaguzi bila yeye kutambuliwa, na katika orodha za wasafiri aliandika majina tofauti. Alipofika alijulikana haraka, abiria wenzake wakatafutwa na kuchanjwa. Wa pili alikuwa mchimba dhahabu aliyetoka Mongbwalu, Ituri, asiyekuwa na uhusiano wowote na mchungaji. Huyu aliugulia nyumbani siku kadhaa kabla ya kufikishwa kituo cha Ebola, na alifariki Julai 31. Wa tatu na wa nne walikuwa mtoto wake mdogo na mkewe. Basi, wagonjwa wanne, na walioambukizwa ndani ya Goma wote walitoka katika nyumba ambamo mgonjwa alilala. Sokoni hakuambukizwa mtu, ufukweni hakuambukizwa mtu. Mama yule na mtoto wake walipona, na mwezi huohuo wa Agosti majaribio yaliyoongozwa na wataalamu wa Kongo, akiwemo Profesa Jean-Jacques Muyembe, yalionyesha kwamba dawa mbili za kingamwili huokoa wagonjwa wengi, hasa wanaowahi kutibiwa. Moja ya dawa hizo chimbuko lake ni damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Habari hiyo njema ilistahili kutangazwa kwa sauti ileile iliyotangaza vifo.

Sasa tuje kwenye kipimajoto cha mpakani, kile kinachoelekezwa usoni mwako kama bastola. Watu hukiamini kupita uwezo wake. Hakiwezi kumwona aliyeambukizwa jana au wiki iliyopita, kwa kuwa hana homa bado. Mwenye homa anaweza kuinywea dawa ikashuka. Na katika eneo letu la Afrika, wengi wanaokutwa na homa wana malaria. Nguvu ya kituo cha mpaka iko kwingine. Iko kwenye maji yenye klorini, kwa maana watu maelfu wananawa mikono kila siku. Iko kwa muuguzi anayekuuliza umetoka wapi, umemuuguza nani, umezika nani. Na iko kwenye orodha ya majina na namba za simu, ambayo kesho itawezesha kumpata aliyekaa karibu na mgonjwa na kumchanja, yeye na wanaomzunguka. Chanjo ya Ebola ilifanya kazi kubwa katika mlipuko ule. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Lakini haichanjwi kwa kubahatisha. Hufuata majina. Ndiyo maana mchungaji yule kubadilisha jina lake lilikuwa jambo zito kuliko homa aliyokuwa nayo.

Asubuhi ya Agosti 1, 2019 Rwanda iliufunga mpaka wa Goma. Siwezi kuwalaumu waliokuwa na hofu. Mgonjwa mpya alikuwa amekufa jana yake, hatua chache kutoka kwao. Hata hivyo uamuzi haukuwa sahihi, na kabla ya siku kwisha mpaka ulifunguliwa tena. Anayeishi kwa kuuza nyanya ng'ambo hawezi kukaa njaa kusubiri tangazo. Atatafuta njia ya panya, na kwenye njia ya panya hakuna maji ya klorini, hakuna muuguzi, hakuna orodha. Uganda ilishaliona hilo Juni ya mwaka huohuo. Familia iliyokuwa Kongo kumuuguza na kumzika babu yao aliyekufa kwa Ebola ilitambuliwa na wahudumu wa afya upande wa Kongo na kutengwa, lakini baadhi yao waliondoka na kuingia Kasese kwa kichochoro, nje ya kituo cha Mpondwe. Watatu walithibitishwa kuwa na Ebola, wa kwanza mtoto wa miaka mitano, na wote watatu walifariki. Kilichowapitisha kichochoroni ni woga wa kutengwa, na kufuli la mpakani huongeza woga huo kwa kila mtu.

Kwa hiyo mtu aliyeniuliza kama aende Gisenyi, ningemuuliza kwanza: unakwenda kufanya nini? Ukienda kukaa mchangani, kula na kulala hotelini, hatari yako ya Ebola ni ndogo sana. Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja katika mlipuko ule uliokuja kuisha Juni 25, 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ukienda kumtazama shangazi anayeumwa, kukesha matangani, kuosha maiti, au kutibiwa kwenye zahanati ndogo isiyo na glavu, hapo mambo yanabadilika, hata kama huuoni ufukwe kabisa. Katika mlipuko ule watu wengi waliambukizwa ndani ya vituo vya afya. Sisi tunaahirisha matembezi na bado tunakwenda msibani, kwa sababu msiba ni wajibu. Nauelewa wajibu huo na ninauheshimu. Lakini hesabu ya hatari imegeuzwa juu chini.

Swali la kwenda au kutokwenda hupata jibu tofauti ugonjwa ukiwa mwingine. Kipindupindu kilipowaua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi Goma, Julai 1994, jambo la kuuliza lilikuwa maji: yametoka wapi, yamechemshwa? Kwa UVIKO-19, ukumbi wenye watu na madirisha yaliyofungwa ulikuwa hatari, na mchanga wenye upepo ulikuwa na nafuu. Kwa homa ya nyani ni ngozi kwa ngozi na kitanda kimoja. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Rwanda: Marburg ilitangazwa Septemba 27 na kutangazwa kwisha Desemba 20, wagonjwa 66, vifo 15, wengi wa walioambukizwa wakiwa watumishi wa afya. Marburg hupita kama Ebola. Safari hii ni anayetoka Rwanda aliyetazamwa kwa jicho la shaka, na maelezo yaliyomfaa mtu wa Goma mwaka 2019 yalimfaa yeye vilevile.

Kwa anayekaa ufukwe wa upande wa Goma kuna hatari nyingine ambayo wenyeji wanaijua na wageni hawaijui: mazuku. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni na kando ya ziwa, haionekani, na huua watu na mifugo. Hakuna kipimajoto kinachoigundua. Mgeni, waulize wenyeji kabla ya kuketi popote penye shimo au bonde.

Ukiamua kwenda wakati wa mlipuko wa Ebola, pita kituo rasmi, andika jina lako la kweli na namba yako ya simu inayopatikana, na nawa mikono kwenda na kurudi. Usimguse mgonjwa wala maiti. Ukirudi, hesabu siku 21. Homa ikikushika ndani ya siku hizo, usipande daladala kwenda hospitali wala usijifiche nyumbani. Piga simu ya bure ya afya ya nchi yako, na mwambie mhudumu bila kuficha ulikotoka, uliyemgusa, na uliolala nao nyumba moja.