Ngoma yaweza kutuliza mwili na akili

Mama mmoja wa umri wa miaka 52, mwuzaji wa nguo za mitumba, alikuwa akija katika kliniki yangu jijini Nairobi karibu kila mwezi. Leo kichwa, mwezi ujao mgongo, mara nyingine moyo unaomdunda usiku hadi akose usingizi. Nilimpima damu, nikaupima moyo kwa mashine, nikamtuma kupigwa picha za eksirei. Majibu yote yalikuwa sawa. Alipokuja mara ya nne nilimwambia, "Mama, huna ugonjwa wowote."

Alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Basi daktari, haya maumivu ni ya nani?"

Swali hilo lilinitia aibu. Niliweka kalamu chini nikamwuliza habari za nyumbani, jambo ambalo ningalipaswa kulifanya siku ya kwanza. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa amefiwa na mumewe miaka miwili kabla, na kwamba tangu siku ya mazishi hakuwa amelia. "Ningelia saa ngapi?" akasema. "Watoto walitaka karo."

Nilimpeleka kwa mshauri nasaha. Aliporudi baada ya miezi mitatu alikuwa akitembea kwa wepesi na usingizi ulikuwa umerejea. Alinieleza kwamba, mbali na kuzungumza na mshauri, jirani yake alikuwa amemvuta katika kikundi cha akina mama wanaocheza ngoma za kwao kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mtaa. "Siku ya tatu nililia huku nikicheza," alisema. "Hakuna aliyenisimamisha."

Mwili na akili havitengani

Msomaji asidhani kwamba maumivu ya mama huyo yalikuwa ya kujidai. Mtu anapokuwa na dhiki ya mawazo, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga kwa kasi, pumzi huwa fupi na misuli ya shingo na mgongo hukaza. Hali hiyo hufaa unapomkimbia nyoka. Ikidumu miezi na miaka, huleta maumivu ya kweli ambayo eksirei haiwezi kuyaonyesha.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia yao. Katika lugha nyingi za Kibantu neno ngoma lina maana ya chombo kinachopigwa, uchezaji wenyewe, na pia mkutano wa kuwaponya watu. Wakamba walikuwa na kilumi, na huko pwani kulikuwa na ngoma za pepo. Huenda sisi madaktari tusikubaliane na maelezo yao kuhusu chanzo cha ugonjwa, lakini hawakumwacha mgonjwa akae peke yake gizani. Walimtoa nje, wakamzunguka, wakamchezesha.

Katika nchi za Magharibi jambo hili lilichelewa kuingia hospitalini. Mwaka wa 1942 mchezaji dansi Marian Chace alianza kufanya kazi na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington, Marekani. Mwaka wa 1966 chama cha wataalamu wa tiba kwa dansi kiliundwa nchini humo, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Kinachotendeka mwilini

Unapocheza, moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi na misuli iliyokaza hunyooka. Ubongo hutoa kemikali ziitwazo endofini, ambazo hupunguza maumivu na kuleta furaha. Wakati huo huo ubongo una kazi nyingi: kusikiliza mdundo, kukumbuka hatua, kumtazama mwenzako na kuulinda mwili usianguke. Mazoezi ya namna hiyo huyapati kwa kutembea peke yako barabarani.

Kucheza pamoja na wengine kuna faida yake ya pekee. Utafiti uliofanyiwa wanafunzi nchini Brazil na kuchapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba waliocheza kwa hatua zinazolingana waliweza kustahimili maumivu zaidi na walijiona karibu zaidi na wenzao, kuliko wale ambao kila mmoja alicheza hatua zake.

Mwaka wa 2003 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wazee 469 wa mjini New York waliozidi umri wa miaka 75. Kati ya mazoezi yote ya mwili yaliyochunguzwa, ni dansi pekee iliyoambatana na upungufu wa ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Hata hivyo, hilo si thibitisho kamili. Yawezekana kwamba wazee waliokuwa na akili timamu ndio waliopenda kucheza.

Tahadhari

Ngoma haichukui mahali pa dawa. Ikiwa unameza dawa za presha au kisukari, endelea nazo. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika unapocheza, acha mara moja umwone daktari. Maumivu mapya pia yachunguzwe kwanza kabla ya kusema ni mawazo tu. Na mtu mwenye huzuni isiyokwisha, au anayefikiria kujiua, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Namna ya kuanza

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, lapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Vipindi vitatu vya dakika 50 vyatosha kuanzia. Kipimo chepesi ni hiki: uweze kuzungumza huku ukicheza, lakini ushindwe kuimba.

Anza polepole. Isukuti ya Waisukha na Waidakho ni ngoma ya nguvu, kwa hivyo mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka asiikimbilie. Vaa viatu visivyo na visigino, hakikisha sakafu haitelezi, na unywe maji. Mwenye magoti mabovu anaweza kucheza ameketi, akitumia mikono na mabega. Usipopata kikundi, fungua redio nyumbani ucheze na watoto, na kama wana mzaha nawe, cheka nao.

Yule mama bado huja kliniki, ingawa si kila mwezi. Kila ukikaribia mwezi aliofiwa, kichwa humrudia. Sasa hasubiri vidonge vyangu kwanza. Huwaambia wenzake mapema kwamba mwezi wake umefika, nao hupita nyumbani kwake Jumamosi ili asikose kwenda. Nami, kabla ya kumwambia mgonjwa yeyote kwamba hana ugonjwa, huweka kalamu chini.