Mgeni wa Majuma Mawili na Mtoto Asiye na Mlezi Wake

Desturi ya vijana kusafiri ng'ambo wakafanye kazi bila ya ujira ina umri wake. Mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe Mora waliasisi huko Uingereza chama cha VSO, na mwaka 1961 Rais John Kennedy wa Marekani akaunda Peace Corps, ambayo miongoni mwa makundi yake ya mwanzo limo lile lililofika Tanganyika mwaka huo huo, la wapima ardhi, wahandisi na wajuzi wa miamba walioletwa kusaidia ujenzi wa barabara. Hao walikuja na fani zao, wakaja kukaa takriban miaka miwili, na shughuli yao ilikuwa baina yao na mawe na udongo, vitu ambavyo havina uchungu wa kuachwa. Safari iliyoenea baadaye ni ya namna nyingine: kijana ambaye hakusomea ualimu wala ulezi humlipa wakala ada, akaenda Siem Reap, Kathmandu, Arusha au Malindi, akakaa majuma mawili au matatu katika makao ya watoto akiwabeba, akiwalisha na kuwaimbisha, kisha akarejea kwao. Nia yake aghalabu ni njema, nami sikusudii kuibeza. Nitakalo ni kueleza linalompata mtoto baada ya lango kufungwa.

Elimu ya jambo hili ilipata mojawapo ya mizizi yake hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi London pamoja na tabibu John Bowlby, alikwenda Uganda akawa anazizuru nyumba za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akitazama namna mtoto mchanga anavyomjua mama yake, anavyomlilia aondokapo, na anavyomfanya kuwa ngome ya kutokea na kurejea pale anapotambaa kwenda kuchungua ulimwengu. Na aliyoyaona aliyachapisha mwaka 1967. Bowlby naye, katika ripoti aliyoliandikia Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 1951, alikuwa amekwisha kusema kwamba mtoto mdogo ahitaji uhusiano wa mapenzi ulio imara na wa kudumu na mama, au na mtu mmoja aliyeshika mahali pa mama. Neno la kuzingatiwa hapo ni kudumu. Si lazima mlezi awe mmoja tu, na bibi, shangazi na dada wakubwa wa kwetu wamo katika hesabu. Sharti ni kwamba awe yule yule leo, kesho na mwezi ujao.

Hapa ndipo mgeni anapokosea kusoma anachokiona. Aingiapo uani, watoto wa miaka miwili na mitatu humkimbilia, wakamng'ang'ania miguu, wakataka kubebwa na mtu ambaye hawajapata kumwona, naye huandika nyumbani kwamba amepokewa kwa mapenzi ya ajabu. Mtoto wa umri huo aliyelelewa katika hali ya kawaida, amwonapo ajinabi, hujificha kwanza nyuma ya kanga ya mama yake, akachungulia, akasubiri kuona kama mama ameridhia. Yule anayemrukia kila apitaye hana wa kujificha nyuma yake. Ukunjufu huo usiochagua umeandikwa na wataalamu tangu zamani kuwa ni miongoni mwa dalili za malezi ya makao, na kila mgeni anayeupokea, akauzoeza kwa siku kumi na nne, kisha akatoweka, amemrudishia mtoto somo lile lile kwamba watu wazima ni wapitaji.

Ushahidi ulio na nguvu kuliko wote ulitoka Romania, ambako mwaka 2000 wataalamu wa Kimarekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwachukua watoto 136 kutoka makao sita ya Bucharest, na kwa kura nusu yao wakatiwa katika familia za malezi ya kambo, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Walipofikia miezi 54, wastani wa kipimo cha akili kwa walioandikiwa makao ulikuwa 73, na kwa waliokwenda kwenye familia 81. Na waliofaidika zaidi ni wale waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Wengi wa watoto hao wa makao, ulimwenguni kote, hawakufiwa na wazazi wote wawili. Shirika la Save the Children lilisema mwaka 2009 kwamba wanne katika kila watano wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai, waliotenganishwa nao aghalabu na ufukara au na haja ya shule. Huko Kambodia, baina ya mwaka 2005 na 2010, idadi ya makao iliongezeka kwa asilimia 75, ilhali yatima hawakuongezeka hivyo. Kilichoongezeka ni wageni na fedha zao. Australia, ilipotunga sheria yake ya mwaka 2018 juu ya utumwa wa kisasa, iliitambua biashara ya kuwatia watoto katika makao ili kuwatumia kuwa ni sura mojawapo ya utumwa huo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 20, umetaja malezi ya kambo, kafala ya sheria ya Kiislamu na kuasili, ndipo ukayataja makao, tena kwa sharti la ikibidi. Na Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwezi wa Novemba 2017.

Basi je, kijana wa ng'ambo hana la kufanya? Analo, maadamu kazi yake imemweka mbali na viungo vya mtoto mchanga. Fundi wa mabomba, mhasibu, au mjuzi wa tiba ya viungo atakayewafundisha wafanyakazi wenyeji ujuzi watakaobaki nao, hao wanafaa. Kadhalika kijana wa miaka 16 au 17, anayekaribia kutoka makaoni bila kujua kukodi chumba wala kufungua akaunti benki, yeye aweza kuelewa kwamba mwalimu wa useremala amekuja kwa miezi sita, akajua tarehe ya kuondoka kwake tangu siku ya kwanza. Hata hapo, mgeni aulizwe cheti cha tabia njema kutoka polisi ya kwao, kisha afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya ajue yuko wapi na anafanya nini, kama tunavyomuuliza mwalimu yeyote kabla ya kumkabidhi darasa.