Supu na Mchuzi: Mpaka wa Kimaana katika Kiswahili cha Shinyanga na Geita

Ni desturi kuifasili supu kuwa ni aina ya mchuzi. Kwa mpishi fasili hiyo inatosha. Kwa mwanaleksikografia inapotosha. Makala haya yanaonyesha kuwa katika Kiswahili cha Shinyanga, Kahama na machimbo ya dhahabu ya Geita uhusiano wa maneno haya si wa hiponimia. Hayo ni maneno yanayopingana.

Kuhusu asili, kwa kuwa Wajerumani waliitawala Tanganyika kabla ya Waingereza, neno lingeweza kudhaniwa limetokana na Suppe ya Kijerumani. Umbo lake halikubaliani na dhana hiyo. Schule iliihifadhi irabu yake ya mwisho ikawa shule. Suppe ingetarajiwa kuzaa *supe. Kiingereza soup, kinachoishia kwa konsonanti ya midomo, kimepachikwa /u/ kama ilivyokuwa kwa stimu na filamu.

Suala zito ni la matumizi. Mchimbaji anayejiandaa kushuka katika duara, yaani shimo la dhahabu, huagiza kwa mama lishe supu na chapati mbili. Bakuli lake lina minofu ya kutafuna, pengine makongoro yenye mifupa, lakini kitenzi kinachotumika ni kunywa. Kitenzi hicho hakielezi namna ya kumeza (nani anywaye kongoro?), bali huiweka supu katika fungu moja na chai: mtu huulizwa asubuhi kama atakunywa chai au supu. Supu, basi, ni mlo. Mchuzi ni kiandamizi cha mlo: una vitunguu, nyanya na mafuta, nao hutumika kutowelea ugali au wali.

Sarufi inathibitisha mpaka huo. Supu tatu ni mabakuli matatu, kama vile chai tatu zilivyo vikombe vitatu. Michuzi mitatu ni aina tatu za mchuzi.

Tofauti hii ina uzito hata nje ya darasa. Mfasiri wa ushauri wa lishe anayeandika kuwa mgonjwa apewe mchuzi, akikusudia maji ya nyama iliyochemshwa bila mafuta, atasababisha mgonjwa aletewe rojo la kukaangwa. Nchini Kenya, ambako mlaji wa ugali huweza kuomba aongezewe supu ya ndengu, mpaka huu ni hafifu zaidi, na kamusi inayokusudiwa kutumika pande zote mbili haina budi kuziorodhesha maana hizo kila moja peke yake.