Wapagazi wa Viputo

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia hapa Puge kijana niliyemsomesha juzuu zake utotoni, naye sasa yuko sekondari. Shangazi yake ana uvimbe katika titi, na daktari wa Nzega amekwisha mwandikia barua aende Bugando, Mwanza. Kijana akasema: "Shikamoo, Maalim. Nimesoma habari za dawa mpya inayonyamazisha jeni za saratani, haina kisu wala kunyonyoka nywele. Je, si afadhali shangazi aingoje?" Nikamwomba aniachie karatasi zake, naye akanifasiria palipokuwa pazito, maana masomo yangu ya skuli yaliishia darasa la saba.

Karibu kila chembe ya mwili ina kitabu cha maagizo ndani yake, na jeni ni kama mlango mmoja wa kitabu hicho. Kitabu hakitoki mahali pake. Agizo hunakiliwa, na nakala ndiyo ipelekwayo kwa mafundi wa chembe. Katika saratani yako maagizo yanakiliwayo pasipo kiasi, chembe zikazaana bila ya kukoma. Mwaka 1998 wanazuoni wawili wa Marekani, Andrew Fire na Craig Mello, walionyesha katika mnyoo wa urefu wa milimita moja kwamba uzi mdogo wa nyuzi mbili, ukiingizwa katika chembe, huifanya nakala iharibiwe kabla haijasomwa. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Kijana akauliza kama huko si kubadili umbile. Nikamwambia nionavyo mimi: mtoto chuoni huandika ubaoni, ubao ukaoshwa, na msahafu uko palepale rafuni. Hukumu yenyewe nawaachia mashekhe.

Ila dawa hii ina taabu ya safari. Wazee wetu wa Unyamwezi, waliobeba mizigo ya frasila mbili baina ya Tabora na Bagamoyo, walijua kwamba bidhaa njema yaweza isifike: Mgunda Mkali hapana maji, na Ugogo kila mtemi adai hongo. Uzi huu nao ukitiwa mtupu katika damu, vimeng'enya huukatakata na figo huuchuja kwa dakika chache tu. Hata ukisalimika, ngozi ya chembe haiupokei. Ndipo wataalamu wakatafuta mpagazi.

Mpagazi huyo ni kiputo cha gesi kilichovikwa utando wa mafuta, na ukubwa wake wakaribia ule wa chembe nyekundu ya damu au hupungua. Viputo si vigeni: kwa miaka mingi madaktari huvitia mshipani ili moyo uonekane vema kwa utrasaundi, kipimo kile kile ambacho kina mama hutazamiwa mimba. Jipya ni kuvipakia ule uzi, kisha kuyaelekeza mawimbi ya sauti, yasiyosikika kwa sikio, juu ya uvimbe peke yake. Wimbi likivipata, viputo hutanuka na kunywea, hatimaye hupasuka, vikafungua vitundu katika ukuta wa mshipa na ngozi ya chembe, mzigo ukaingia. Baadaye vitundu hujifunga. Sauti ikizidi, mishipa huvuja damu. Ikipungua, hapana kitu. Tena mfupa huizuia, na hewa ya mapafu vilevile.

Sasa, jambo hili limefika wapi? Huko Toronto, Kanada, mwaka 2015, madaktari walikifungua kwa njia hii kizuizi cha mishipa ya ubongo wa mgonjwa mwenye uvimbe. Bergen, Norway, watu 10 wenye saratani ya kongosho walitibiwa kwa viputo na sauti, na habari zao zikachapishwa mwaka 2016. Lakini hao walipewa dawa za saratani za siku zote, si uzi wa kunyamazisha. Dawa ya uzi iliruhusiwa mara ya kwanza mwaka 2018, kwa maradhi mengine ya kurithi yanayodhuru mishipa ya fahamu. Ama kuviunganisha viwili hivi dhidi ya saratani, sehemu kubwa ya kazi ingali katika panya wa maabara.

Nilipomweleza hayo, kijana alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe nilitaka shangazi awangoje panya."

Usiku ule tulikwenda sote kwa shangazi. Alikwisha uza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli, bali hofu yake ilikuwa kukatwa titi, na kwamba mumewe hatamtazama tena. Mumewe alikuwa ameketi mlangoni, akasikia yote. Akauliza basi la Mwanza lapita saa ngapi. Jumatatu waliondoka pamoja.