Malezi ya utotoni yanavyoathiri afya ya ukubwani

Mtu mzima anapopatikana na shinikizo la damu au kisukari, huulizwa kuhusu chumvi, sukari, sigara na pombe. Ni nadra kuulizwa alilelewa katika nyumba ya aina gani. Hata hivyo, utafiti umeonyesha kwamba swali hilo pia lina uzito.

Mwaka 1998, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 9,000. Waliulizwa iwapo utotoni walidhulumiwa, walimwona mama akipigwa, au waliishi na mlevi, mgonjwa wa akili au mtu aliyewahi kufungwa jela. Waliopitia aina nne au zaidi za masaibu hayo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya uraibu, huzuni ya kupindukia na kujaribu kujiua. Magonjwa ya moyo, mapafu na ini pia yalionekana zaidi miongoni mwao.

Sababu ni ipi?

Mtoto anapoogopa, moyo humwenda mbio na mwili hutoa homoni za kukabiliana na hatari. Hatari ikipita, mwili hutulia. Katika nyumba yenye vita kila siku, mwili haupati nafasi ya kutulia. Miaka ikipita, hali hiyo huvuruga usingizi, shinikizo la damu na kinga. Wengine hukimbilia pombe au sigara ili kupunguza maumivu ya moyoni.

Hali nchini

Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019, karibu nusu ya wanawake na zaidi ya nusu ya wanaume wa umri wa miaka 18 hadi 24 walisema walitendewa ukatili utotoni.

Kinachosaidia

Masaibu ya utotoni huongeza hatari, lakini si lazima mtu augue. Mtoto aliye na mtu mzima mmoja wa kutegemewa, awe nyanya, mjomba au mwalimu, huwa na kinga kubwa.

Wazazi na walezi wanashauriwa:
• Kutogombana mbele ya watoto.
• Kurekebisha tabia bila kipigo wala matusi.
• Kumsikiliza mtoto anayebadilika ghafla, kukosa usingizi au kukataa shule.

Mtoto akidhulumiwa, piga simu 116 bila malipo, au ripoti kwa afisa wa watoto, chifu au polisi. Mtu mzima anayesumbuliwa na yaliyompata utotoni amweleze mhudumu katika kituo cha afya kilicho karibu.