Hawa Bodaboda na Bodaboda Wangu: Utangulizi

Fungua simu yako utafute neno "boda". Kama unaishi Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Kisumu, hutakosa majina mawili matatu: Hamisi Boda, Boda Kona, Boda wa Mama. Mimi ninayo sita, na mmoja wa wenye majina hayo ni marehemu. Sijapata moyo wa kumfuta. Boda Kona ndiye niliyempa ufunguo wa nyumba siku nilipofika kazini nikakumbuka kwamba pasi nimeiacha inawaka. Akaenda, akaizima, akafunga mlango, akaniletea ufunguo pamoja na shati lililoungua mgongoni. Jioni ya siku hiyohiyo, kwenye foleni, pikipiki ikakwangua kioo cha gari nililopanda, nami, mtu mzima na shahada zangu, nikapaza sauti: "Hawa bodaboda hawa!"

Taaluma ya kuwachunguza bodaboda, ninayokukaribisha humu, imekaa hapo, kati ya "hawa bodaboda" na "bodaboda wangu". Wakiwa wengi ni wahuni, wakwapuzi, waharibifu wa watoto wa watu. Akiwa mmoja, na mwenyewe umemwita wako, unampa mtoto wa chekechea ampeleke shule, unamtuma dawa, unamkopa nauli mpaka mwisho wa mwezi. Ni watu walewale. Nani anamhamisha mtu kutoka kundi moja kwenda jingine, na kwa nini hatuoni ajabu? Nimelisumbukia swali hilo kwa miaka kadhaa, na sijachoka.

Kiswahili chenyewe hakijaamua. Tunasema "bodaboda imegonga mtu" na "bodaboda amegonga mtu", na hakuna anayetusahihisha. Dereva wa daladala hatumwiti daladala, wala nahodha hatumwiti jahazi. Huyu wa pikipiki, chombo chake, kazi yake na nafsi yake vimeingia katika neno moja. Neno lilitoka mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha abiria na mizigo kutoka kizuizi kimoja hadi kingine wakinadi kwa Kiingereza chao cha mpakani: boda, boda! Baiskeli ikaja kuwa pikipiki, mpaka ukasahaulika, mwito ukabaki. Kwingine nako wamepewa majina yenye habari zake. Kinshasa ni wewa, neno la Kiluba cha Kasai lenye maana ya "wewe", kwa kuwa wengi wa madereva wa mwanzo walitoka huko. Mtu kaitwa "wewe" hadi ikawa ndiyo kazi yake. Nigeria ni okada, jina la shirika la ndege la Okada Air, nusu sifa nusu dhihaka. Tanzania siku hizi tunawaita "maafisa usafirishaji". Lilianza kama utani wa mitaani, sasa wanasiasa wanalitamka jukwaani bila kucheka.

Hofu ya mtu aliyepanda pikipiki hatukuianzisha sisi. Marekani, vurugu za mji mdogo wa Hollister mwaka 1947 zilizaa filamu ya The Wild One ya mwaka 1953, na picha ya kijana wa koti la ngozi anayetisha mji mzima haijafutika tangu hapo. Uingereza, mwaka 1964, makundi ya vijana yaliyoitwa mods na rockers yalikorofishana katika mji wa pwani wa Clacton; magazeti yakaandika kana kwamba vita imetua ufukweni. Mwanasosholojia Stanley Cohen aliyafuatilia hayo, na kitabu chake cha mwaka 1972 ndicho kilichotufundisha kuuliza jinsi jamii inavyojitengenezea mashetani wake. Kisome. Ila kitakufikisha nusu ya njia tu. Vijana wale walipanda pikipiki kwa starehe ya mwisho wa wiki, na waliowaogopa hawakuwahi kukaa nyuma yao. Wetu anaogopwa akiwa kazini, na anayemlaani jioni alikuwa abiria wake asubuhi.

Kwa hiyo tunaanzia kazini. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008. Tanzania, kanuni za mwaka 2010 zikaruhusu rasmi pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo. Pikipiki za India na China zikamiminika, na kijana asiye na mtaji akapata njia: mkataba. Mwenye pikipiki anamkabidhi, naye analeta hesabu kila siku. Miezi waliyokubaliana ikitimia, chombo kinakuwa chake. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000. Hiyo si mshahara wake, ni deni analoamka nalo. Mafuta ni juu yake, pancha mara nyingi ni juu yake, na mvua ya masika haimsamehei. Akiumwa anamtafuta deiwaka amshikie chombo, wagawane kitakachopatikana. Sasa itazame bajeti ya Tanzania ya mwaka 2021, iliyopunguza faini ya barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Watu wa magari waliona upendeleo. Kijiweni walipiga hesabu nyingine: kosa moja lilikuwa linakula siku tatu, sasa linakula siku moja. Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya "tabia ya bodaboda" namwomba kwanza aniletee mkataba mmoja ausome mbele yangu.

Sitaki unielewe vibaya. Msomi si wakili wao. Wodi za mifupa zimejaa, na watu wameshazibatiza wodi za bodaboda. Mishikaki bado inabebwa, watu watatu wanne juu ya kiti cha wawili. Vishandu wanaopora mikoba kwa pikipiki wapo. Machi 2022, kwenye barabara ya Wangari Maathai jijini Nairobi, kundi la waendeshaji lilimvamia na kumdhalilisha mwanamke aliyekuwa akiendesha gari, na anayelipitia tukio lile haraka ili afike kwenye nadharia hafai kufanya kazi hii. Yale ya kuwarubuni wasichana wa shule kwa chipsi na lifti nayo yapo, ingawa hapo ninaongeza jambo: shule ikiwa kilomita saba na hakuna basi, mwenye pikipiki ana nguvu ambayo hakupewa na pikipiki peke yake.

Nenda kijiweni saa kumi na moja alfajiri uone. Wanne watano wamejikunyata chini ya mwarobaini, makoti mazito wameyavaa nyuma mbele ili zipu isipitishe upepo kifuani. Mmoja anafuta umande kwenye kiti kwa kipande cha kanga. Mipira ya kufungia mizigo imeviringwa nyuma ya kiti. Mama anatoka getini na mtoto aliyevaa sweta la shule. Dereva anamweka mbele, juu ya tangi, anamfunga kamba ya begi, anamwuliza kama ameshakunywa uji. Mtoto anashika usukani kana kwamba yeye ndiye anaendesha. Hana kofia ngumu. Mama anaona, dereva anaona, nami naona.

Kijiwe ni taasisi, ingawa hakina mlango. Kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mgeni haegeshi tu, analipa kiingilio, na mahali pengine anapewa namba ya zamu. Mwenzao akifa, michango inakusanywa kabla ya adhuhuri, kisha msafara unaongozana na jeneza, honi zikipigwa na matawi ya miti yakiwa yamefungwa mbele ya pikipiki. Nimewahi kuutazama msafara wa namna hiyo ukipita, na kilichonijia si huzuni peke yake. Simu zilezile zinazowaita kuzika ndizo zinazowaita gari linapomgonga mwenzao, wakafika arobaini kabla ya askari hata mmoja, na mwenye gari akajifungia ndani akitetemeka. Ukivipeleka vitu hivi viwili kwenye sura mbili tofauti, kimoja "mshikamano" na kingine "uhalifu", umeshakosea kabla ya kuanza.

Wapo waliotutangulia. Krijn Peters aliandika juu ya Sierra Leone, ambako baada ya vita kwisha mwaka 2002 wapiganaji wa pande zilizokuwa zikiuana walijikuta katika vyama vya pikipiki za abiria, abiria wao wakiwa watu walewale waliowahi kuwakimbia. Tom Goodfellow na Kristof Titeca, mwaka 2012, walionyesha jinsi halmashauri ya Kampala ilivyotaka kuwatoza bodaboda kodi na kuwapanga, na jinsi mkono wa rais ulivyoingilia kati kila kura zilipokaribia. Kazi nzuri zote. Nyingine nyingi ni za madaktari wanaohesabu mifupa iliyovunjika, nazo tunazihitaji. Lakini utani wa kijiweni, maandishi ya kwenye madigadi, lugha ya honi, wanawake wachache walioingia kazini na majina wanayobandikwa: haya karibu yote yanasubiri mtu. Na yakiandikwa, yanaandikwa kwa lugha ambayo mwenye pikipiki hataisoma.

Kuhusu njia ya utafiti nitasema dogo. Usiende na dodoso na kitambulisho shingoni; watakudhania mtu wa kodi au mgambo, na utajibiwa kwa adabu ambayo haina taarifa ndani yake. Panda, lipa, na usiombe kupunguziwa. Rudi kesho. Kaa kwenye benchi mpaka mtu akusahau. Kitu cha kwanza utakachojifunza ni kwamba nao wanatuchambua. Wana aina zao za abiria: anayesema "wahi, nimechelewa" kisha akifika analalamika kuwa umekimbiza, anayekaa mbali mpaka anakaribia kudondoka, asiguse jasho la mtu, anayeuliza bei baada ya kufika.

Baada ya miezi minane ya benchi, Boda Kona alinipa simu yake nimsaidie kutafuta ujumbe wa muamala uliopotea. Nilipokuwa ninapekua nikaiona namba yangu. Nilijua nitakuwa Mwalimu, au Mzee, maana hivyo ndivyo anavyoniita asubuhi na shikamoo juu yake. Alikuwa ameniandika "Geti Bluu Hana Chenji".